Taji Jipya, Ukabaila Uleule: Juu ya Miisho ya Riwaya za Njozi za Kifalme

Ziko hadithi ambazo vijana wetu wengi, wakiwemo makada, huzisoma au kuzitazama katika simu zao, na ambazo mambo yake hutokea katika nchi za kubuni zenye sura ya Ulaya ya Zama za Kati. Humo mna wafalme na ngome za mawe, mashujaa wa panga na farasi, wachawi na majoka. Kwa Kiswahili tunaweza kuziita riwaya za njozi za kifalme. Baadhi ya ndugu zetu huona kwamba jarida la itikadi halina sababu ya kupoteza kurasa zake kwa mambo ya majoka. Hatukubaliani nao. Hadithi inayotazamwa na mamilioni ya watu kwa miaka minane inafundisha siasa, mtungaji apende asipende. Na mahali inapofundisha siasa kwa nguvu zaidi ni mwishoni, pale inapoamua nani atawale na kwa haki gani.

Katika madarasa yetu tumesikia ubishi mkali sana juu ya miisho hiyo. Huyu anasema kiti kilimstahili yule binti mwenye majoka. Mwingine anasema la, kilimstahili yule mwana wa haramu wa Kaskazini. Hoja hutolewa kwa ufasaha ambao tungependa kuusikia pia tunapojadili bei ya pamba. Lakini ni mara chache mno mwanafunzi kuuliza swali ambalo kada angepaswa kuanza nalo: mfalme mpya akishatawazwa, shamba ni la nani, na mavuno yanakwenda kwa nani?

Tukumbushane kwanza ukabaila ni nini, maana neno hili limetumika ovyo. Wengine wakisikia ukabaila, au umwinyi, hufikiria kilemba, upanga na majivuno. Hayo ni mavazi yake tu. Ukabaila ni mfumo wa uzalishaji mali ambamo ardhi, iliyo njia kuu ya uchumi, imeshikwa na tabaka la makabaila, na mkulima anaruhusiwa kulima kipande chake kwa sharti la kutoa sehemu ya mavuno yake, au siku zake za kazi, au vyote viwili. Tena analazimishwa kutoa kwa nguvu, si kwa soko. Kabaila ana askari, ana mahakama na ana gereza. Wazee wa Bukoba hawahitaji kuelezwa jambo hili na mtu wa Ulaya: katika nyarubanja, mtwarwa alimlimia mtwazi, na mtwazi hakuwa na haja ya kuwa mtu mbaya ili unyonyaji uendelee. Mfalme katika mfumo huo ni kilele cha ngazi. Ukikata kilele, ngazi inabaki, na mtu mwingine anaweza kuipanda.

Ajabu ni kwamba swali hili liliulizwa hadharani na mmoja wa waandishi hao wenyewe. George R. R. Martin, Mmarekani, mtungaji wa mfululizo wa A Song of Ice and Fire, alipohojiwa na jarida moja la nchini kwake mwaka 2014 alilalamika juu ya mtangulizi wake, Mwingereza J. R. R. Tolkien. Alisema Tolkien anatuambia kwamba Aragorn alitawala kwa hekima kwa miaka mingi, lakini hatuambii sera yake ya kodi ilikuwa ipi, wala kama aliweka jeshi la kudumu. Ni swali zuri sana. Tutalichukua kama kipimo, kisha tumpime nalo Tolkien na halafu Martin mwenyewe, au tuseme wale waliomalizia hadithi yake katika televisheni.

The Lord of the Rings ilitoka kwa vitabu vitatu kati ya 1954 na 1955. Mwishoni mwake adui Sauron ameanguka, na Aragorn, mrithi wa ukoo uliopotea kwa karibu miaka elfu, anatawazwa kuwa mfalme wa Gondor. Kabla ya taji kuvikwa, Faramir, mtoto wa msimamizi aliyekilinda kiti, anauuliza umati uliokusanyika iwapo unamtaka huyu awe mfalme. Umati unaitikia kwa sauti moja. Wapo wanaoona hapo chembe ya demokrasia. Sisi tunaona shangwe. Umati haukuulizwa kama unataka mfalme. Umeulizwa kama unamtaka huyu, naye amekwisha kufika na jeshi.

Baada ya hapo mfalme anagawa haki. Faramir anapewa Ithilien, naye anakuwa mkuu wake, yeye na kizazi chake. Imrahil anabaki mkuu wa Dol Amroth. Mabwana wa majimbo ya kusini, ambao tuliwaona wakija vitani kila mmoja na watu wake, hatusikii kwamba hata mmoja amepunguziwa kitu. Kwa hiyo tukihesabu kwa makini, mwisho wa vita kuu dhidi ya uovu umeongeza idadi ya makabaila wa Gondor kwa mmoja.

Hata hivyo lazima tuwe waadilifu katika uhakiki. Mumo humo katika kurasa za kutawazwa kuna sentensi moja ambayo wasomaji wengi huipita bila kusimama: mfalme anawaacha huru watumwa wa Mordor na kuwapa nchi yote iliyozunguka ziwa Núrnen iwe mali yao. Hayo, ndugu msomaji, ni mageuzi ya ardhi. Watu waliolima kwa mijeledi ili kuwalisha wanajeshi wa adui wamepewa mashamba waliyoyalima. Tolkien alitumia sentensi moja tu kwa jambo ambalo katika historia ya kweli limemwaga damu ya vizazi. Na tutazame ni kwa nani: ni kwa watumwa wa adui. Ardhi ya Sauron inaweza kugawiwa wakulima kwa sababu Sauron ni mwovu. Ardhi ya Imrahil haigusiki kwa sababu Imrahil ni mwema. Hapo ndipo itikadi ya kitabu kizima inapojitokeza bila kujificha: unyonyaji ni tabia ya mtu, si uhusiano wa matabaka.

Kuna tukio jingine lenye uzito zaidi. Wale mashujaa wanne wafupi, mahobiti, wanaporudi kwao Shire wanakuta nchi imebadilika. Mtu mmoja, Lotho, amekuwa akinunua mashamba, vinu na mikahawa. Tumbaku na vyakula vinasafirishwa nje huku wenyeji wakikosa. Miti inakatwa, maji yanachafuliwa, na wahuni wenye virungu wanakusanya mazao kwa jina la kugawana. Mahobiti wanainuka. Katika mapigano ya Bywater wanakufa kumi na tisa kati yao, na wahuni karibu sabini. Huu ndio uasi wa pekee wa umma katika kitabu chote, na kwa maoni yetu ndizo kurasa bora kabisa alizoziandika, kwa sababu hapa watu wa kawaida wanapigania vinu vyao na ghala zao, wala hapana mchawi wa kuwasaidia. Si ajabu kwamba filamu ya mwaka 2003, iliyotengenezwa kwa fedha nyingi na kushinda tuzo nyingi, iliuacha uasi huu kabisa. Mahobiti wa filamu wanarudi kijijini, wanakunywa bia, basi.

Lakini uasi huo ulirudisha nini? Ulirudisha hali ya zamani: koo za Took na Brandybuck zenye vyeo vya kurithi, na meya anayechaguliwa kila baada ya miaka saba. Sam, mtunza bustani, mvujajasho wa pekee miongoni mwa mashujaa wakuu, anachaguliwa meya mara saba. Sawa. Lakini kwanza alirithi nyumba ya bwana wake. Ubepari uliingia Shire kama ugonjwa ulioletwa na wageni, ukafukuzwa, na nchi ikarudi kwenye usingizi wake. Mwandishi hataki tuulize kwa nini Lotho aliweza kununua mashamba yote hayo kwa urahisi namna ile. Aliweza kwa sababu mashamba tayari yalikuwa mali inayoweza kununuliwa, na yeye mwenyewe alitoka katika familia yenye mali. Mdudu alikuwa ndani ya kokwa.

Tolkien hakuficha msimamo wake. Katika barua kwa mwanawe Christopher mwaka 1943 alieleza kwamba fikra zake za siasa zinaelekea kwenye hali isiyo na serikali, au kwenye ufalme usiofungwa na katiba. Baadaye alijaribu kuandika hadithi ya kufuatia, iliyotokea miaka kama mia baada ya ushindi, wakati wa mwana wa Aragorn. Watu wameizoea amani, wanaichoka. Vijana wanacheza kwa kujifanya maorki. Kuna minong'ono ya njama za siri. Aliandika kurasa chache akaiacha, akiona haifai kuendelea nayo. Zilichapishwa mwaka 1996, yeye akiwa amefariki tangu 1973. Kwa mtu anayetaka kujua mustakabali wa ukabaila katika riwaya hizi, kurasa hizo chache zina faida kuliko vita vyote. Mwandishi alifika kwenye ukingo wa swali: kwa nini watu wanung'unike chini ya mfalme mwema? Jibu alilolitafuta lilikuwa katika maumbile ya binadamu, kwamba binadamu hukinai mema upesi. Hakulitafuta mashambani. Na hadithi ikafia mikononi mwake, kwani maumbile ya binadamu hayana sura ya pili.

Sasa tuje kwa upande wa Martin. Vitabu vyake vilianza kutoka mwaka 1996, na kile cha tano kilitoka 2011, mwaka uleule ambapo mfululizo wa televisheni, Game of Thrones, ulianza. Televisheni ilimpita mwandishi njiani ikafika mwisho bila yeye, tarehe 19 Mei 2019. Kwa hiyo tunayoyasema kuhusu mwisho huo tunayasema kuhusu televisheni.

Mwishoni mabwana na mabibi wa koo kubwa wanakaa kwa duara kumchagua mfalme. Joka limekwisha kuyeyusha kiti cha chuma. Samwell, mtoto wa kabaila Tarly, anasimama na kupendekeza kwa kusitasita kwamba kwa kuwa mfalme atatawala watu wote, huenda watu wote wangepaswa kumchagua. Mabwana wanacheka. Mmoja anadhihaki kwamba basi na wanyama nao wapewe kura. Kisha wanamchagua Bran, kijana mlemavu wa ukoo wa Stark, kwa kuwa ana hadithi nzuri na hawezi kuzaa, na wanakubaliana kwamba tangu siku hiyo wafalme watachaguliwa na mabwana. Dada yake, Sansa, anajitenga na Kaskazini yake na kuwa malkia.

Watazamaji wengi walichukizwa na mwisho huu kwa sababu ulikwenda haraka. Sisi tunauona una ukweli fulani, na kicheko kile ndicho chenye ukweli zaidi. Makabaila wangecheka hivyo hivyo. Kosa liko kwa wale waliotuambia, na baadhi ya wanafunzi wetu wakakubali, kwamba ufalme wa kuchaguliwa ni hatua moja kuelekea demokrasia. Historia haisemi hivyo. Katika Dola Takatifu ya Kirumi, mkataba wa mwaka 1356 uliwapa wakuu saba haki ya kumchagua mfalme, na kila mmoja wa wakuu hao akapata nguvu zaidi katika ardhi yake. Katika Poland makabaila walichagua wafalme kuanzia 1573 mpaka dola yao ilipogawanywa na kutoweka mwaka 1795. Ni miaka zaidi ya mia mbili ya uchaguzi, na katika muda wote huo mtwana wa Poland alifungwa kwenye shamba la bwana wake kwa minyororo mizito zaidi ya sheria. Mfalme wa kuchaguliwa na makabaila ni mtumishi wa makabaila. Bran wa televisheni ni mwisho wa enzi ya ukoo mmoja tu.

Lakini liko jambo dogo katika kikao hicho ambalo ni kubwa kuliko kura zote. Ulinzi wa mji umo mikononi mwa wanajeshi waliokuwa watumwa, chini ya kamanda wao Grey Worm. Wanataka haki juu ya kifo cha malkia wao. Davos, mtoto wa maskini wa mjini aliyepandishwa kuwa bwana, ambaye katika kikao hichohicho hana hakika kama ana kura, anajaribu kuwatuliza. Anawaambia kwamba katika nchi ya Reach kuna ardhi nzuri; wenyewe waliokuwako wametoweka; waichukue, waanzishe ukoo wao wa kibwana. Wenyewe gani waliotoweka? Ni ukoo wa Tyrell. Wakulima wa Reach, waliolisha nusu ya bara hilo kwa nafaka zao, hawakutoweka. Wapo, wanalima. Lakini katika lugha ya Davos, na katika lugha ya watungaji, wao si wenyewe. Na huyu Davos ndiye mtu wa watu katika hadithi nzima!

Grey Worm anakataa na kuondoka kwa meli. Ile ardhi nzuri anapewa Bronn, mamluki, aliyeahidiwa ngome mapema kwa kumtishia mtu kwa silaha. Tena anafanywa mtunza hazina. Swali la Martin la kodi limepata jibu lake: kodi itakusanywa na mamluki. Kikao cha kwanza cha serikali mpya tunachoonyeshwa kinabishana juu ya meli na madanguro, na sisi tunatakiwa tucheke na kufurahi kwamba mambo yametulia.

Na yule binti wa majoka, Daenerys? Yeye ndiye aliyewaacha huru watumwa wa miji ya mashariki na kuahidi kulivunja gurudumu la koo kubwa. Watungaji wanamfanya kichaa anayeteketeza mji, kisha wanamuua kwa mkono wa mpenzi wake. Fundisho linalobaki kichwani mwa mtazamaji ni kwamba anayetaka kuubadili ulimwengu mwishowe huuchoma, na afadhali tubaki na wenye kucheka. Hili ni fundisho la kihafidhina na tunalikataa. Lakini hatutaki kumtetea Daenerys kwa jazba, kama wanavyofanya baadhi ya vijana. Udhaifu wake ulionyeshwa miaka mitano kabla, katika tukio la mwaka 2014 ambalo tunashauri lijadiliwe katika kila kundi la masomo. Mzee aliyekuwa mtumwa, mwalimu wa watoto wa bwana wake, anakuja kuomba aruhusiwe kurudi kwa bwana huyo. Katika nyumba ile alikuwa na chakula, kitanda na kazi yenye heshima. Katika uhuru ana mabweni yenye hofu usiku. Malkia anaduwaa, kisha anamruhusu kufanya mkataba wa mwaka mmoja. Minyororo imefunguliwa, lakini mashamba, nyumba na vyombo vya kazi vimebaki kwa mabwana walewale. Ukombozi uliotoka juu, kwenye mgongo wa joka, haukuwa na pa kutua. Wala hakuwauliza watumwa wajipange wenyewe, aliwaomba wampende.

Mtu wa tatu tutakayemtaja kwa ufupi ni Ursula K. Le Guin wa Marekani. Mwaka 1972 alichapisha The Farthest Shore, na mwishoni kijana mwadilifu anakuja kukalia kiti cha visiwa vya Earthsea kilichokuwa kitupu kwa karne nyingi. Ni mwisho wa kawaida kabisa wa aina hii. Lakini mwaka 1990 alirudi kwenye siku zilezile katika Tehanu, na badala ya kutupeleka ikulu akatupeleka kwa mjane mkulima, Tenar, anayelea mtoto aliyechomwa moto na watu wake mwenyewe. Mfalme mpya yupo, ni mwema, meli zake zinawafukuza maharamia. Lakini kijijini, bwana wa Re Albi yupo vilevile, na mchawi wake anaweza kumdhalilisha mjane bila kuulizwa na mtu. Mwandishi alijihakiki mwenyewe baada ya miaka kumi na minane, na alifanya hivyo kwa kubadili tu mahali pa kusimama. Wala hakuhitaji kuhubiri.

Hapa hatuna budi kujitenga na ndugu zetu wengine wenye msimamo mkali wa maneno, ambao wangetaka kila riwaya ya wafalme imalizike kwa bendera nyekundu juu ya ngome. Huo si uhakiki wa kisayansi. Ukabaila haukuisha hivyo katika nchi nyingi, na mwandishi anayeumalizia hivyo kwa nguvu naye anasema uongo. Engels, katika barua yake kwa mwandishi Margaret Harkness mwaka 1888, alimsifu Balzac, mpenda ufalme, kwa sababu aliandika kuanguka kwa tabaka alilolipenda bila kuficha. Tunachodai ni ukweli juu ya mzalishaji mali, basi. Mwandishi akipenda kumrudisha mfalme, na amrudishe, lakini atuonyeshe mkulima akibeba gunia kulipeleka ghala la bwana.

Historia yenyewe inafundisha kwamba kuondoa kiti na kuondoa kodi ya kabaila ni kazi mbili. Usiku wa tarehe 4 Agosti 1789 wabunge wa Ufaransa walitangaza kwamba wameuvunja ukabaila, huku mfalme akiwa bado yupo. Lakini malipo mengi ya ardhi yaliwekwa yakombolewe kwa fedha, na ilichukua mpaka Julai 1793, baada ya wakulima kukataa kulipa na kuchoma hati, ndipo yakafutwa bila fidia. Katika Urusi watwana waliachwa huru mwaka 1861, kisha wakatakiwa kulipia ardhi yao kwa awamu ambazo zilifutwa tu mwaka 1907. Kwetu Tanganyika sheria iliondoa mamlaka ya machifu mwaka 1963. Lakini wapangaji wa nyarubanja walihitaji sheria yao wenyewe, ya mwaka 1965. Katika Zanzibar Sultani aliondoka Januari 1964 na ardhi ikatwaliwa na serikali Machi mwaka huohuo, kisha ikagawiwa eka tatu tatu. Kazi mbili, tarehe mbili. Na mabaki hukaa muda mrefu kuliko tunavyodhani: kisiwa kidogo cha Sark, karibu na Ufaransa, kilifanya uchaguzi wake wa kwanza wa baraza zima mwaka 2008.

Je, hakuna riwaya ya njozi iliyothubutu kuuliza kinachofuata? Zipo chache. Mwingereza Joe Abercrombie, katika vitabu vitatu vilivyotoka kati ya 2019 na 2021, anaipeleka nchi yake ya kubuni kwenye enzi ya viwanda. Wakulima wanafukuzwa kwenye ardhi ya pamoja, wanasongamana katika mji wa Valbeck, watoto wanafanya kazi ya vinu. Yanatokea maasi, kisha mapinduzi yanayokula watu wake. Mwishoni mfalme ananyongwa na kitoto kichanga kinavikwa taji. Baba wa kitoto ni kabaila mwenye jina la kivita. Mama yake ni mwekezaji wa viwanda. Mwandishi huyu hana imani na umma, na umati anaouchora ni wa kutisha kupita kiasi. Lakini ndoa hiyo ya jina la kale na mtaji mpya ni picha sahihi ya tabaka tawala la Uingereza lilivyojengwa. Ukabaila haukushindwa, uliozwa.

Hata hivyo aliyeuliza swali hili kwa ukamilifu aliliuliza zamani, na ni mmoja wa waasisi wa aina hii ya hadithi. William Morris alikuwa fundi, mshairi na msoshalisti. Mwaka 1884 alikuwa miongoni mwa walioanzisha Ligi ya Kisoshalisti ya Uingereza. Riwaya zake za nchi za kale zilimwathiri Tolkien, naye Tolkien alikiri hivyo. Kati ya 1886 na 1887 Morris alichapisha katika gazeti la Ligi hadithi iitwayo A Dream of John Ball. Mtu wa zama zake analala na kuamka Kent mwaka 1381, wakati wa uasi wa wakulima. Baada ya mapigano ya kijijini anakaa usiku kanisani, kando ya maiti, akizungumza na padri John Ball, kiongozi wa uasi. Padri anataka kujua yatakayokuja. Msafiri anamweleza: utwana utakwisha, naam; lakini watakuja watu walio huru wasio na ardhi, watakaoomba ruhusa ya kufanya kazi. Padri haelewi. Inawezekanaje mtu awe huru na wakati huohuo alazimike kumfanyia mwingine kazi ili ale?

Tunajua yaliyompata John Ball wa kweli: aliuawa mwezi Julai 1381, na mfalme kijana, Richard II, aliyewapa wakulima hati za uhuru, alizifuta hati hizo mwezi uleule. Morris alijua hayo, na msomaji wake mfanyakazi alijua. Hakumpa padri ushindi wa uongo. Alimpa maarifa ya kwamba kazi ni ndefu, na padri akayapokea akaendelea. Hatujasoma riwaya ya njozi iliyomheshimu msomaji wake kuliko hivyo.

Nasi tunayo nchi yetu ya kubuni. Shaaban Robert alichapisha Kusadikika mwaka 1951, chini ya utawala wa Waingereza, akaiweka nchi hiyo angani ambako mkono wa mkaguzi haukufika kwa urahisi. Karama ameshtakiwa na Waziri Majivuno kwa kufundisha sheria. Anajitetea kwa kuwasimulia habari za wajumbe sita waliotumwa kutafuta mema na kurudi kutiwa kifungoni. Mwishoni mfalme anaguswa. Karama na wajumbe wanafunguliwa, na mageuzi yanaahidiwa. Kwa kipimo tulichokitumia huu nao ni mwisho wa mfalme mwema. Wapo wanaosema tusiuguse kwa sababu ya heshima ya mwandishi na ya wakati wake. Sisi tunaona heshima kubwa ni kumsoma kama tunavyowasoma wengine, tukikumbuka kwamba mwaka 1951 kuandika tu kwamba raia anaweza kusimama mbele ya baraza na kulishinda kwa hoja halikuwa jambo dogo.

Katika mafunzo yetu huwa tunawapa wanafunzi zoezi baada ya kusoma kitabu hicho: waandike sura inayofuata. Karama ametoka kifungoni, mfalme amesema aliyoyasema, jua la Kusadikika limechomoza. Wengi wao humfanya Karama waziri mahali pa Majivuno, na humaliza hapo kwa karamu. Wachache humrudisha kijijini, akamkuta jirani yake akipima nafaka katika pishi, na hapo ndipo huanza kutuuliza: je, katika Kusadikika kodi ilikuwa inalipwa kwa nini, na kwa nani?